UZI: Spika ya kuzunguka (Leslie) kwenye gitaa lililokwisha kurekodiwa: kasi, krosova, maiki na penye makosa

NyuziSita (Kisauni)

Wakuu, salaam.

Magitaa mengi yanayotoka studio zetu hapa Mombasa, iwe bango (muziki wa pwani unaobebwa na saksafoni), rumba ya hotelini au injili, yanapakwa efekti za korasi na riverbu, basi, kazi imekwisha. Spika ya kuzunguka wameachiwa wapiga kinanda. Wachache wanaoijaribu huiwasha kasi ya juu tangu baa ya kwanza hadi ya mwisho, gitaa linatetemeka kama mwenye homa, kisha wanasema haifai kwa gitaa. Inafaa, tena sana. Ila ndani yake mna vitu viwili vinavyozunguka na haviendi sambamba, na asiyelijua hilo hawezi kuipanga.

Tuanze na sanduku lenyewe, maana plagini (programu za efekti kwenye kompyuta) na pedali zote zinaliiga hilo. Donald Leslie alilitoa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kinanda cha Hammond. Modeli zinazoigwa zaidi ni 122 na 147. Ndani mna ampu ya valvu ya wati 40, kisha krosova inayogawa sauti kwenye 800 Hz. Iliyo juu ya hapo inapanda kwenye draiva (kispika cha sauti za juu) na kutokea kwenye pembe zinazozunguka. Pembe utaziona mbili, lakini sauti hutoka moja tu. Ya pili imewekwa kusawazisha uzito. Iliyo chini ya hapo inashuka kwenye spika ya inchi 15 iliyolala kifudifudi, ikipuliza ndani ya pipa la mbao ambalo nalo linazunguka, kinyume na pembe.

Kasi ni mbili:

- Ya chini: pembe kama mizunguko 48 kwa dakika (0.8 Hz), pipa kama 40 (0.67 Hz).
- Ya juu: pembe kama 400 (6.7 Hz), pipa kama 340 (5.7 Hz).

Utamu wenyewe uko kwenye safari ya kutoka kasi moja kwenda nyingine. Pembe ni nyepesi, hufika kasi ya juu kwa sekunde moja hivi. Pipa ni zito, huchukua sekunde nne hadi tano. Piga kodi moja ya Am7, iache ilie baa mbili, na swichi uigeuze mara tu baada ya kuipiga. Nyuzi nyembamba zinaanza kumetameta kwanza, nyuzi nene bado zinapumua polepole, halafu taratibu chini nako kunaamka mpaka kodi nzima imepata mwendo. Korasi haiwezi kukupa hilo hata uisukume vipi. Plagini isiyokuruhusu kuweka muda wa pembe na wa pipa mbalimbali, itafutie mbadala.

Karibuni, ongezeni na mrekebishe.

---

Mtwapa_Ridhimu

Ahsante maalim. Swali la moja kwa moja: traki ya ridhimu imerekodiwa kavu kupitia DI (kisanduku cha kuingiza gitaa moja kwa moja kwenye intafesi), haina ampu. Spika ya kuzunguka ikae wapi kwenye mnyororo? Ikitangulia ampu inatoka matope, ikija baada ya riverbu inatoka kama redio inayopotea steshini.

---

NyuziSita

Yote mawili uliyoyasikia yana sababu yake. Kwenye sanduku halisi ampu iko kabla ya pembe na pipa. Kwa hiyo mkwaruzo wote, pedali au plagini ya ampu, utangulie. Ukiutia mkwaruzo baada ya kuzunguka, ampu inaubana ule mpando na mshuko wa sauti, tremolo inakufa, na ile pichi inayoyumba inasagwa pamoja na noti nyingine za kodi. Ndiyo matope yako hayo.

Riverbu ni chumba, na sanduku liko ndani ya chumba, kwa hiyo riverbu inafuata nyuma. Ukigeuza, unakizungusha chumba kizima.

Mpangilio wangu kwa ridhimu kavu:

1. Kata chini ya 80 Hz. Waya nene wa E uko 82 Hz, huhitaji kitu chini yake.
2. Kompresa, uwiano 3:1, ipunguze dB 3 au 4 tu.
3. Plagini ya ampu yenye mkwaruzo mdogo. Izime spika yake, yaani kabineti na maiki zake.
4. Spika ya kuzunguka.
5. Ikwalaiza: shusha juu ya 6 au 7 kHz ikiwa plagini yako haikushusha yenyewe, maana draiva ya pembe haifiki mbali huko.
6. Riverbu fupi, sekunde 1 hivi, kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ukiiacha kabineti ya gitaa halafu ukaongeza Leslie juu yake, umetia spika mbili kwenye mstari mmoja. Kabineti imekwisha kukata sauti za juu, pembe haina cha kuzungusha.

Kompresa baada ya spika ya kuzunguka usiweke. Inashusha penye mpando na kupandisha penye mshuko, unabaki na pichi inayoyumba bila mwendo.

---

MwanaTudor

Hapo kwenye "pembe haina cha kuzungusha" naomba nipapanue, kwa sababu ndipo gitaa linapotengana na kinanda.

Krosova iko 800 Hz. Waya wa kwanza, fungu la 15, ni G ya 784 Hz. Maana yake sauti ya msingi ya karibu kila noti unayopiga kwenye gitaa inakwenda pipani. Kwenye pembe zinafika tu sauti-zaidi, ule mng'aro wa waya. Kinanda cha Hammond kina drobaa (vishikio vya kuvuta) za kumwaga sauti nyingi juu ya 800 Hz, gitaa halina.

Kwa hiyo gitaa lililorekodiwa na pikapu ya shingoni, toni imefungwa nusu na nyuzi zimechakaa, ukilipitisha kwenye Leslie unapata tremolo nzito ya chini na basi. Watu wanailaumu plagini. Dawa:

- Wakati wa kurekodi: pikapu ya kati au ya daraja, toni wazi kabisa, nyuzi mpya. Kwa hewa yetu ya chumvi nyuzi zikipoteza mlio hazirudi, na hapa mlio ndio malighafi.
- Traki ikiwa imekwisha rekodiwa: pandisha dB 3 hadi 4 kati ya 2 na 4 kHz kabla ya spika ya kuzunguka.
- Plagini ikiruhusu kusogeza krosova, ishushe hadi 500 au 600 Hz. Si sanduku halisi tena, lakini kwa gitaa inalipa.
- Mizani ya pembe na pipa: anza na pembe juu ya pipa kwa dB 3.

---

Fundi_Valvu (Majengo)

Nyinyi mnasema plagini, mimi niseme sanduku, maana yapo yaliyobaki makanisani na mahotelini, na mtu akilipata hufurahi kabla hajalitazama.

La kwanza ni umeme. Yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni volti 117, 60 Hz. Huku kwetu ni volti 240, 50 Hz. Transfoma ya kushusha, chukua ya VA 500 usijibane, inarekebisha volti tu. Hezi haizigusi. Mota za Leslie ni za AC na kasi yake inafuata hezi, kwa hiyo pembe ya 400 inazunguka kama 333 na pipa la 340 kama 283. Sikio linaiona Leslie imechoka na mtu anaanza kubadilisha mikanda bure. Ziko puli za 50 Hz, kubwa kidogo, ndizo suluhisho. Kwa pembe, puli ya mota ina ngazi: sogeza mkanda kwenye ngazi pana zaidi uone kama unatosha kabla hujaagiza kitu. Mota ya 60 Hz ikilishwa 50 Hz kwa volti zilezile inapata moto zaidi pia, kwa hiyo usiiache ikizunguka siku nzima.

La pili: 122 na 147 zote zina plagi ya pini sita, na waya zake hazifanani. Pini zile zinabeba umeme wa ukutani. Usichomeke kwa kubahatisha. Na gitaa halichomekwi moja kwa moja. Panahitajika priampu iliyotengenezewa modeli hiyo, ambayo pia ndiyo yenye swichi ya kasi.

La tatu: kasi ya chini imekataa, ya juu inafanya kazi. Mara nyingi si umeme. Mota ndogo husukuma mota kubwa kupitia gurudumu dogo la mpira, na mpira ule ukikaa miaka bila kuzunguka hukauka au hubonyea upande mmoja. Ukibonyea utasikia tik, tik, tik kwenye rekodi kila mzunguko. Badilisha mpira, usiupake chochote.

Beringi: mafuta ya cherehani, tone moja au mawili. Grisi nzito inachelewesha pembe kupanda, na mwenye uzi amekwisha sema kwamba ule mpando ndio muziki wenyewe.

---

SautiBarani

Kwa anayerekodi sanduku halisi: maiki mbili juu, zitazamane nyuzi (digrii) 180, kushoto na kulia kabisa, na moja chini katikati. Stirio inakuwa pana sana.

---

MwanaTudor

Pana ndiyo, kaka, lakini nakupinga kwenye 180. Pembe ikiielekea maiki ya kushoto, imeipa mgongo ya kulia. Kushoto inapanda, kulia inashuka, kwa kiasi kilekile. Ukizijumlisha kuwa mono, mpando na mshuko vinafutana. Kinachobaki ni mtikisiko mdogo wa kasi mara mbili, 13 Hz badala ya 6.7, na pichi mbili zinazokwenda kinyume, yaani korasi. Na mono si jambo la mbali: spika ya simu, spika za harusi uwanjani, matatu ambayo upande mmoja umekufa. Msikilizaji wako yuko huko.

Ziweke nyuzi 90. Upana utapungua kidogo, lakini mono inabaki inazunguka. Kisha panua 60 kushoto na 60 kulia, usifike 100.

Vipimo vya kuanzia: sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye matundu ya mbao ya juu. Ukilifungua paneli la nyuma sauti inakuwa wazi zaidi, lakini pembe ikiwa kasi ya juu inapiga upepo, na maiki ya karibu inaurekodi kama kukohoa. Vika maiki sifongo, irudishe nyuma sm 10, na kata chini ya 200 Hz kwenye maiki za juu. Huko hakuna chenu. Maiki za SM57 mbili juu zinatosha. Chini weka maiki inayobeba besi vizuri, sm 30 kutoka pipani, katikati ya stirio. Pipa ukilipeleka pembeni, kodi nzima inakuwa kama inachechemea.

---

SautiBarani

Nimekupata. Ila kwa traki inayokwenda kwenye video ya hedifoni tu, 180 nitaendelea nayo. Kwa redio, 90.

---

DadaWaMiksa

Mimi nataka tuzungumze mwendo wa wimbo, maana hapa ndipo Leslie inapoharibu magitaa mazuri na mtu asijue kwa nini.

Kasi ya juu ni mizunguko 400 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, gitaa likipiga noti nne kwa kila pigo, ni noti 400 kwa dakika. Sawasawa. Kila noti inakuta pembe iko palepale. Ikikuta pembe imekuelekea, zote kubwa. Ikikuta imekupa mgongo, zote ndogo. Mzunguko wenyewe husikii. Na kwa kuwa hakuna mpigaji wala mota iliyonyooka kama rula, hali hiyo inahama polepole, gitaa linazama na kuibuka kwenye miksi bila sababu.

Sasa chukua 120. Noti ni 480 kwa dakika, pembe ni 400. Kati ya noti na noti pembe inakwenda mizunguko 5/6, kwa hiyo mfano unajirudia kila noti ya sita. Unapata mkazo kila baada ya noti sita ndani ya wimbo unaohesabiwa kwa nne. Msikilizaji anadhani mpiga gitaa hana taimu. Mpigaji yuko sawa, pembe ndiyo inayotia mkazo pasipo.

Njia ya kulitatua kwenye plagini: gawanya mwendo wa wimbo kwa 20, jibu ni kasi ya pembe kwa Hz.

- Mapigo 110: 5.5 Hz
- Mapigo 120: 6.0 Hz
- Mapigo 130: 6.5 Hz

Hapo pembe inakwenda robo tatu ya mzunguko kwa kila noti, na mfano unajirudia kila noti ya nne. Mkazo unaangukia ndani ya pigo, kila pigo palepale. Ukiangukia noti usiyoitaka, sogeza mahali mzunguko unapoanzia. Pipa liache kwenye 0.85 ya kasi ya pembe, usilifunge na wimbo. Viwili vikifungwa pamoja sanduku linageuka mashine ya tremolo.

Hii ni kwa vipigo vya mfululizo kama sebene. Kwa kodi ndefu usijisumbue, 6.7 na twende.

---

Mtwapa_Ridhimu

Dada, hiyo ya kugawanya kwa 20 nimeijaribu sasa hivi kwenye wimbo wa 124, nikaweka 6.2 Hz. Gitaa limekaa. Ahsante.

Kwa asiye na plagini yenyewe, inawezekana kuijenga kwa vitu vinavyokuja na programu ya kurekodia? Nina tremolo (ya kupandisha na kushusha sauti), vibrato (ya kuyumbisha pichi) na ikwalaiza tu.

---

NyuziSita

Inawezekana, na ukiijenga mara moja utaielewa kuliko aliyeinunua.

Nakili traki iwe mbili. Ya "pembe" kata chini ya 800 Hz, ya "pipa" kata juu ya 800 Hz, mkato uleule kwa zote, dB 12 au 24 kwa oktavu. Ukitumia dB 12, jaribu kugeuza fezi ya moja na usikilize palipo na 800: upande unaojaa ndio sahihi.

Pembe. Weka vibrato, asilimia 100, bila sauti kavu. Kina chake tunakipata kwenye umbo: tuseme mdomo wa pembe uko sm 18 kutoka katikati. Sauti inasogea sm 18 mbele na sm 18 nyuma, na kwa mwendo wa sauti hewani hiyo ni karibu milisekunde 0.5 kila upande. Andika 0.5. Kwa kasi ya 6.7 Hz pichi inayumba kama senti 38 juu na chini, zaidi kidogo ya theluthi ya nusu toni. Kwa 0.8 Hz ni senti 4 au 5 tu, na ndiyo maana kasi ya chini inasikika kama gitaa linapumua, haliyumbi. Kina usikibadilishe unapobadilisha kasi. Hesabu inajirekebisha yenyewe.

Kisha tremolo, Hz ileile, kina dB 4 hadi 6. Hapa pana siri. Pichi iko juu kabisa pembe inapokuwa njiani kukujia, na sauti iko kubwa kabisa inapokuwa imekufikia. Pichi inaitangulia sauti kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90. Ukiviacha vyote vifike kileleni pamoja, inasikika bandia na huwezi kusema kwa nini. Kwa hiyo icheleweshe tremolo kwa nyuzi 90 nyuma ya mpando wa pichi.

Pipa. Tremolo peke yake, 5.7 Hz, dB 3 hadi 5. Vibrato usitie, kwenye sauti za chini haiongezi kitu ila kulichafua gitaa mbele ya besi.

Mwisho chora otomesheni ya kasi. Pembe: kutoka 0.8 kwenda 6.7 kwa sekunde 1, si mstari ulionyooka, uanze kwa nguvu na ulainike mwishoni. Pipa: 0.67 kwenda 5.7 kwa sekunde 4.5. Kushuka kupe muda zaidi kidogo kwa vyote viwili.

---

Nahodha_wa_Plagini

Tahadhari mbili kwa njia hiyo ya kujenga. Kwanza, tremolo na vibrato nyingi hazianzi mahali pamoja kila unapobonyeza pleya. Leo nyuzi 90, kesho 200. Kama kifaa chako kina kitufe cha kuanza upya na wimbo, kiwashe. Kama hakina, cheza mara tatu nne, ukiipata iliyokaa, itoe iwe faili ya sauti papo hapo na uifungie. Usingoje miksi ya mwisho.

Pili, programu zilizo nayo tayari: Logic ina Rotor Cabinet, Guitar Rig ina Rotator, na wa Linux wana Calf Rotary Speaker bila malipo. Kwa pedali kuna Neo Ventilator, Strymon Lex, Boss RT-20 na Lester G ya Electro-Harmonix.

Na mkitumia pedali kwa traki iliyorekodiwa: sauti inayotoka kwenye intafesi ni kubwa kuliko ya gitaa. Ishushe dB 15 hadi 20 kabla haijaingia kwenye pedali, au tumia kisanduku cha riampu. DI ya transfoma, isiyohitaji umeme, ikigeuzwa mbele nyuma inafanya kazi hiyo. Ikivuma, inua swichi ya ethi. Pedali itoke stirio kwenda ingizo mbili za laini, si moja.

---

Bangoni

Tumesema vipimo, tuseme na mahali. Bango, kwa jinsi lilivyojengwa na Mzee Ngala, linabebwa na saksafoni. Saksafoni ina vibrato yake, na mpigaji akiishika noti ndefu mtikiso huwa karibu na kasi ya juu ya Leslie. Ukiweka gitaa kasi ya juu chini ya saksafoni, vitu viwili vinatetemeka kwa mwendo unaokaribiana bila kulingana, na sikio linachoka. Saksafoni ikilia, gitaa liwe kasi ya chini. Saksafoni ikinyamaza, hapo gitaa lifunguliwe.

Kwa rumba: mi-solo (gitaa la kati, baina ya ridhimu na solo) iache kavu kabisa. Kazi yake ni kushona, na mshono unataka noti zinazofanana. Ridhimu, kasi ya chini kwenye ubeti. Solo, usiizungushe mfululizo. Geuza swichi kwenye noti ya mwisho ya sentensi, ile inayoachwa ilie, na irudi chini kabla ya sentensi inayofuata.

Wimbo mmoja, gitaa moja linalozunguka. Mawili yakizunguka, moja litolewe hata kama yote ni mazuri.

---

DadaWaMiksa

Naunga mkono, hasa hilo la mwisho. Na kwa kugeuza swichi kuelekea kiitikio: pembe inahitaji sekunde 1, na kwa wimbo wa 120 hiyo ni mapigo mawili. Ukigeuza kwenye pigo la kwanza la kiitikio umechelewa, gitaa linafika wenzake wamekwisha ingia. Geuza kwenye pigo la tatu la baa iliyotangulia. Pipa litafika baa mbili baadaye, liache, ndilo linalofanya kiitikio kiendelee kukua baada ya kuanza.

---

SautiBarani

Uni-Vibe nayo je? Kuna wanaosema ni Leslie ndogo.

---

Fundi_Valvu

Ni kitu kingine, shekhe. Ndani ina taa moja inayowaka na kufifia, imezungukwa na seli nne zinazohisi mwanga. Inageuza fezi ya sauti. Haina krosova, haina vitu viwili vya kasi mbalimbali. Nzuri, lakini usitarajie ule mpando wa sekunde nne.

Ndugu wa karibu wa Leslie kwa gitaa ni Fender Vibratone ya 1967, na ilitokea kwa sababu CBS ilinunua Fender na kampuni ya Leslie, zote mwaka 1965. Ina spika moja ya inchi 10 na pipa moja la povu gumu mbele yake, haina pembe wala ampu yake. Kwenye plagini ukiona modeli hiyo na ridhimu yako ni nyembamba, anza nayo kabla ya 122. Ina kitu kimoja kinachozunguka, kwa hiyo inakaa kwenye miksi bila ugomvi. Pipa lile la povu kwenye sanduku halisi usilisafishe kwa petroli wala thina, linayeyuka. Kitambaa kikavu.

---

Mtwapa_Ridhimu

La mwisho kutoka kwangu: nichanganye sauti kavu na inayozunguka, au nizungushe yote?

---

NyuziSita

Yote, kwa traki ileile. Vibrato ikikutana na sauti yake kavu inazaa fezi, masafa fulani yanafutika na kurudi, na ikipita kwenye pedali ya nje pana pia ule ucheleweshaji wa kwenda na kurudi, unapata sauti ya bomba. Ukiona imezidi, usichanganye kavu. Punguza kina cha tremolo hadi dB 3, au sogeza maiki za plagini mbali, kutoka sm 20 hadi 60.

Ukitaka kavu na inayozunguka kwa pamoja, mpigaji arudie kupiga sehemu hiyo mara ya pili. Kavu ya mara ya kwanza peleka kulia asilimia 40, inayozunguka kushoto asilimia 40. Ni vipigo viwili mbalimbali, havifutani. Na traki kavu ya DI usiifute hata ukiridhika vipi. Ihifadhi imezimwa chini ya sesheni, kwa sababu mwimbaji akibadilisha mwendo wa wimbo kutoka 120 kwenda 116, ile 6.0 Hz uliyoichapa haitakaa tena na utahitaji kuanza upya na 5.8.